Pushapu Ishirini kwa Kila Neno la Kiingereza

Simu ililia Jumanne asubuhi nikiwa nakata kucha za miguu, kazi ambayo kwa umri wangu inachukua nusu saa na haipendi kukatizwa. Alikuwa shemeji yangu wa Wembley, si shemeji wa damu, ni mke wa rafiki. "Shemeji, mwenzio katangulia," akasema. Nikauliza hospitali gani. "Hospitali wapi! Kafia jikoni, kifudifudi, kwenye pushapu zake. Mimi nilikuwa natia chai. Nilimsikia akihesabu, kafika kumi na moja, kisha kimya. Nikadhani kapumzika." Alikuwa na miaka sabini na minane. Nilibaki kitini na mkasi mkononi, na kitu cha kwanza kilichonipanda, Mungu anisamehe, hakikuwa majonzi. Kilikuwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia ile sakafu ya jikoni ninayoijua vizuri kuliko ninavyotaka, halafu nikajikasirikia mimi mwenyewe, na hasira hiyo ya mwisho haijaisha mpaka leo ninapoandika.

Sitamtaja jina, kama ilivyo desturi ya safu hii. Alikuwa Mzanzibari aliyeingia London miaka michache baada ya Mapinduzi, akapata kazi ya kufagia na kupanga viti kwenye uwanja wa mpira. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja kusoma nikanasa. Tulikutana kwenye foleni ya duka la nyama, akanitazama mabega, akaniambia bila hata salamu, "Hivyo vyote ni vya vyuma? Maskini." Kuanzia hapo tulibishana kwa miaka ishirini. Mimi ni mtu wa vyuma. Nilianza na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na bomba katikati, na nilipofika huku fundi mmoja wa Kisikh wa Southall, mzaliwa wa Kisumu, akanikatia visahani vya chuma na kuniambia, "Hivi utaviacha wewe, bwana, vyenyewe havina haraka." Nikavipanga kwenye banda nyuma ya nyumba yangu. Rafiki yangu hakugusa chuma hata siku moja. Yeye alipiga pushapu, akaruka kichura, akaning'inia kwenye fremu za milango ya watu. Nilimwambia mwili ni mjanja: ukishazoea pushapu hamsini, ile ya hamsini na moja inakupa jasho tu, haikupi nyama, lazima uongeze uzito. Naye akapandisha miguu kwenye kiti changu, akaficha mkono mmoja mgongoni, akashuka taratibu mpaka pua ikagusa zulia, akapanda. "Uzito nimeuongeza, yakhe," akasema. "Umeona chuma?"

Siku moja nilimuuliza nani alimfundisha, akanieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia safari ya basi. Baada ya Mapinduzi walimchukua nyumbani kwao, kijana wa miaka ishirini na miwili, karani wa bandarini, wakamweka gerezani miezi kumi na minne bila kumwambia kosa. Kila asubuhi walitolewa uani, kwenye saruji, wapige pushapu ishirini. Askari aliwahesabia. Wakifika kumi na tisa, askari hupiga miayo na kusema, "Sikusikia. Anza upya." Atakayelegea anakanyagwa mgongoni, kisigino katikati ya mabega, na mkanda unafuata. Pembeni yake alilala mzee muuza kahawa, ambaye asubuhi moja aliangukia uso kwenye kumi na nne, akavuja damu puani, hakuinuka. Askari akaendelea kuhesabu mpaka kumi na tisa, akasema hakusikia. Wakaanza upya, maiti ikiwa kwenye mstari. "Mimi niliingia mle mwembamba kama ufagio," rafiki yangu akasema, "nikatoka na kifua hiki. Walitaka kuniua, wakanijenga. Vyuma watakunyang'anya, huu mwili nani atakunyang'anya?" Akajipiga kifuani, nami nikaona ni jibu zuri kupita yote niliyowahi kusikia. Kwa muda mrefu sikuona kilichokuwa kimejengwa pamoja na kifua.

Na haikuwa kwa kukosa kuonyeshwa. Miaka ile vijana wenye vichwa vilivyonyolewa na mabuti mazito walikuwa wakitufanya ngoma mitaani, na Jumamosi moja baada ya mechi watatu wao walitukuta kituo cha basi. Wa kwanza alinitemea mate, wa pili akanivunjia chupa sikioni. Niseme ukweli, wasomaji wangu: mimi mwenye mikono kama mapaja nilisimama pale kama kabati, damu ikinishuka kolani. Rafiki yangu, mfupi, aliyenifika begani, alimkamata yule wa chupa, akambwaga lami, akampigia goti kifuani, akaanza kumpiga ngumi za uso. Wenzake walikimbia kwenye ngumi ya pili. Rafiki yangu alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, wala hakuwa na haraka. Saba. Nane. Meno yalitoka. Kumi na mbili. Kijana alianza kumwita mama yake. Nilimshika rafiki yangu mkanda kwa nyuma nikavuta kwa nguvu zangu zote, na wale wanaobishana ni mazoezi gani yana faida wajue kwamba sikumsogeza hata inchi. Alipofika kumi na tisa akasita, ngumi juu, akasema kwa sauti isiyo yake, "Sikusikia. Anza upya." Akaanza. Basi lilipofika, kondakta akagonga kengele, ndipo alipoinuka, akajipangusa magoti, akapanda kama mtu anayekwenda sokoni. Ghorofani akaniinamia. "Vyuma vyako vilikuwa wapi leo?" Nikacheka huku nimeshika sikio. Hadithi ile niliisimulia kwenye harusi nyingi, na nilikuwa nikiishia kwenye swali la vyuma, sehemu ya kijana kumwita mama yake naiacha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyezaliwa hapa hapa. Mnawajua watoto wetu wa huku: wanasikia Kiswahili chote, hata kile tusichotaka wakisikie, lakini kinywa kikifunguka kinatoka Kiingereza. Kila nyumba ililia kilio hicho. Rafiki yangu akabuni dawa: kila jibu la Kiingereza, pushapu ishirini, na zihesabiwe kwa Kiswahili. Niliiona kwa macho Jumapili moja, mtoto ana miaka tisa, tumealikwa pilau. Mama akamwambia ale. "I'm not hungry," mtoto akajibu. Baba akaonyesha sakafu kwa kidole. Mtoto akashuka baina ya meza na friji, akaanza, sisi wageni tukimsaidia kuhesabu na kupiga makofi. Kwenye kumi na mbili akarukia kumi na nne. Baba yake akatabasamu, akasema, "Sikusikia. Anza upya." Niliyajua maneno yale. Nilijua ni ya nani na yalisemewa wapi. Nikachota kachumbari.

Nikafanya na la ziada. Wiki ile ile niliandika habari hiyo hapa, kwenye safu hii, kwa mbwembwe zote. Nikasema samaki mkunje angali mbichi, nikasema nimepata dawa ya kuokoa lugha na vifua kwa wakati mmoja, nikamsifu baba, nikawacheka wazazi wanaobembeleza. Sijawahi kupata barua nyingi kama wiki zile. Walinipongeza wa Dar, walinipongeza wa Mombasa, na msomaji mmoja wa Peckham aliniandikia kwamba ameshaanza na binti zake wawili na matokeo ni mazuri. Nilimjibu kwa kumtia moyo. Rafiki yangu alikata ukurasa ule akaubandika kwenye mlango wa friji, pale pale juu ya sehemu mtoto alipokuwa akilala kifudifudi.

Mtoto alipofika miaka kumi na sita akaja bandani kwangu peke yake. Akaniuliza, kwa Kiingereza, kama naweza kumfanya awe mkubwa. Mkubwa, si mwepesi wala mwenye pumzi. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi. Nikampigia baba yake simu hapo hapo: "Mwanao amehamia chama changu!" Akacheka, "Utamharibu, yakhe, utamfanya gunia." Nikamfundisha kijana kila ninachojua: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma juu ya kichwa, kukinyanyua kutoka chini bila kuvunja kiuno, kuongeza kidogo kila wiki, kula mayai na maharage, kulala. Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Hakucheka, hakujitazama kwenye kioo. Siku moja alivua fulana nikaona alama baina ya mabega, ya zambarau, ina umbo la kisigino. Nikamuuliza. Akasema mpira. Nikasema chezeni polepole, nikamwongezea kisahani. Mwaka wa pili akaniuliza baba yake ana uzito gani. Nikakadiria kilo sabini na tano. Akataka nimpangie chuma cha kilo hizo hizo, akajilaza chini, akataka kujifunza namna ya kukiondoa kikiwa kimemlalia. Nilimpangia mwenyewe. Nilimwonyesha pa kuweka mikono. Mtu mzima, msomi, mwandishi wa magazeti, sikujiuliza hata mara moja kijana anajiandaa kuondoa nini.

Jumapili moja mchana shemeji akapiga simu. "Njoo. Wanauana." Nilikimbia mitaa mitatu na viatu vya ndani. Mlango ulikuwa wazi. Sufuria ilikuwa imepinduka, wali umetapakaa sakafu nzima, kwenye mlango wa friji damu imepita juu ya makala yangu. Shemeji alinieleza baadaye: kijana alisema kwa Kiingereza hataki kula, akaonyeshwa sakafu, akakataa. Baba akavua mkanda, akampiga kwa upande wa chuma, nyusi ikapasuka. Kijana akamkamata shingo, akambamiza kwenye friji mara ya kwanza, mara ya pili mdomo ukachanika, mara ya tatu akamwangusha. Nilipoingia, rafiki yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye wali, mwanawe amemweka mguu mgongoni, kisigino katikati ya mabega, na alikuwa akihesabu. Kwa Kiswahili, wasomaji wangu. Sikuwa nimewahi kusikia Kiswahili kinamtoka yule kijana hivyo, kikavu, kimenyooka, kila neno mahali pake. "Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa." Akajipangusa damu jichoni. "Sikusikia. Anza upya."

Na baba akaanza upya. Hilo ndilo sikuweza kumsimulia mtu kwa miaka yote hii. Mwanamume yule, aliyebakiza kidogo tu kumuua mtu kwa ngumi mbele yangu, hakutukana wala hakujipindua. Alitema damu na punje za wali, akakunjua mikono, akasema "Moja" kwa sauti nyembamba ya kijana wa miaka ishirini na miwili, karani wa bandarini. Macho yake hayakuwa jikoni. Nilimrukia mwanawe kumtoa, akanisukuma kwa mkono mmoja tu, mkono niliojenga mimi, nikaangukia kabati la vyombo na mbavu zangu mbili zikavunjika pamoja na sahani. "Mbili," baba akasema chini kule. "Tatu." Kisigino kikakandamiza zaidi, nikasikia mgongo ukilia.

Shemeji ndiye aliyemaliza. Hakupiga kelele. Alikunja kanga yake, akapiga magoti kwenye wali, akalala kifudifudi ubavuni mwa mumewe, akaweka viganja sakafuni kama alivyoona wakifanya miaka yote. "Haya," akamwambia mwanawe, "nihesabie na mimi. Na mimi nilikuwamo humu ndani." Kijana alimtazama mama yake. Damu ya nyusi ilimdondokea mama shingoni, tone moja, tone la pili. Kisha akaondoa mguu, akavaa koti, akatoka. Hakurudi tena nyumba ile baba yake akiwa hai. Mama alikuwa akienda kumwona, anapanda mabasi mawili.

Ubishi wetu wa vyuma ulikufa siku ile. Vyuma vyangu viliota kutu bandani kama alivyonitabiria fundi wa Southall, na rafiki yangu akaendelea kulala kifudifudi kila asubuhi pale pale, akihesabu. Tulikuwa tukikutana msikitini, tukizungumza habari za magoti na dawa za presha. Mara moja tu aligusia. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, akasema akitazama mbele, "Kijana ana nguvu, yakhe. Umemfunza vizuri." Watu watasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ni kweli, lakini nani alimlea baba? Kuna askari mmoja, pengine ameshakufa zamani kitandani kwake akiwa amezungukwa na wajukuu, ambaye hakuwahi kufika London, na alikuwa akila nasi kila Jumapili jikoni Wembley. Mimi nilijua yupo. Nilimtengenezea jina zuri gazetini, nikamwita malezi.

Mnaponiuliza, kama mnavyoniuliza kila mwaka, kipi kinajenga misuli zaidi, jibu ninalo na ni fupi. Vyote viwili. Misuli haijali kama mzigo ni chuma, ni mwili wako au ni kisigino cha mtu. Ukielemewa kidogo zaidi ya unavyoweza, ukala, ukalala, ukaelemewa tena, misuli itakua. Itakua kwa mapenzi na itakua kwa chuki, na kwa nje kifua ni kile kile. Mimi nilijua kupima mikono kwa futi ya fundi cherehani, na miaka yote hiyo sikumuuliza mtu yeyote mzigo huo kautwika nani.

Tulimzika Jumatano, mvua ikinyesha, kwenye upande wa Waislamu wa makaburi ya manispaa. Mwanawe alikuja. Ana miaka arobaini na kitu sasa, mabega bado yamejaa mlango, kovu la nyusi lipo, na mkononi amemshika binti yake wa miaka saba. Aliingia kaburini mwenyewe, akampokea baba yake kwa mikono miwili, akamlaza taratibu, akachelewa kutoka. Tulipomaliza dua, yule mtoto akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, kwamba anaona baridi na anataka kwenda nyumbani. Sisi wazee wote macho yetu yakaenda chini kwa pamoja, kwenye matope. Tulikuwa tukisubiri kidole. Baba yake akavua koti, akamfunika, akamjibu kwa Kiingereza hicho hicho kwamba amefanya vizuri kusema.

Nilimfuata kwenye njia ya magari. Nilianza kuomba msamaha, maneno niliyoyapanga miaka ishirini na zaidi, yakanitoka ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba ukurasa ule wa gazeti anao, alipewa na mama yake, damu na vyote. Ameusoma mara nyingi. Umeandika kwamba wote mlicheka, akasema, umetaja pilau, umetaja makofi, umetaja hata kachumbari, na mtoto aliyekuwa sakafuni hukumuuliza hata swali moja. Kisha akaniinamia, mrefu vile, na kwa Kiswahili kile kile cha siku ile, kikavu, kila neno mahali pake, lakini safari hii bila kisigino, akasema, "Uliandika vibaya. Anza upya."

Nimeanza. Na wewe msomaji wangu wa Peckham, kama ungali hai na ungali unanisoma, barua yangu ile ichane. Waite binti zako, ni watu wazima sasa, waulize ilikuwaje pale chini. Wakikujibu kwa Kiingereza, waache wamalize.